Jino Lililonyamaza Halijapona



Ndugu zangu, leo nahubiri juu ya jino. Msicheke. Nikihubiri juu ya sadaka mnainama, nikihubiri juu ya umbea mnatazamana, lakini leo hata sijaanza wapo waliokwisha kushika shavu. Nasema na wewe uliyeshika shavu. Nasema hasa na yule asiyelishika, maana jino lake liliuma Pasaka, likauma hadi Pentekoste, kisha asubuhi moja likanyamaza, naye akasimama jumuiyani kutoa ushuhuda kwamba amepona.

Hujapona! Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Jino likitoboka hadi pale, nyama ile huvimba, na kwa kuwa imezungukwa na kuta ngumu haina pa kuvimbia. Ndiyo maana ulikesha. Kisha nyama ikafa, na kilichokufa hakiumi. Vijidudu havikufa. Vimebaki mle, vinashuka taratibu hadi kwenye ncha ya mzizi, vinaingia katika mfupa wa taya, na huko vinatengeneza usaha bila kupiga kelele. Wewe unapiga makofi.

Utaniambia, "Padre, nilinunua vidonge duka la dawa, uvimbe ukaisha." Ulishuka, ndugu yangu, haukuisha. Dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani yake, itapita wapi? Daktari anaweza kukuandikia amoksilini pale uambukizo unaposambaa, naye anajua kwa nini. Kulisafisha jino, kidonge hakiwezi. Karafuu ya Pemba naiheshimu. Mafuta yake hata madaktari huyachanganya katika dawa ya kuziba kwa muda. Hutuliza tu. Na ninyi mnaotia maji ya betri kwenye tundu la jino, mnaunguza fizi na ulimi mlioumbiwa kumsifu Mungu! Wapo pia wanaofukizia mdomo moshi wa mbegu ili kumtoa mdudu wa jino. Tangu mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard aliikataa habari ya mdudu huyo. Hayupo. Anayekuonyesha kitu kinachochezacheza kwenye pamba amekuja nacho mwenyewe.

Zimebaki njia mbili: kutibu mzizi, au kung'oa.

Ya kwanza mnaikimbia kwa sababu ya hadithi za watu. Sikilizeni inavyokwenda. Unachomwa sindano ya ganzi. Daktari anatoboa jino kwa juu, anaiondoa nyama iliyooza kwa vijisindano vyembamba kama unywele, anaosha kwa dawa ya jamii ya ile inayong'arisha nguo nyeupe, anapima urefu wa mzizi, mara nyingi kwa picha ya eksirei, ndipo anajaza gutaperka, ambayo asili yake ni utomvu wa mti wa huko Malesia. Jino la mbele kwa kawaida lina njia moja. Gego la juu mara nyingi lina nne, kwa hiyo usimlaumu daktari kwamba anachelewa. Wakati mwingine kazi inaisha siku moja. Wakati mwingine unaambiwa urudi.

Na hapo kwenye kurudi ndipo penye aibu yetu! Mtu anasafishwa jino, anawekewa kizibo cha muda, maumivu yanakwisha, naye anapotea. Hajibu simu. Kizibo kile kimewekwa kwa siku chache tu. Kinalika, mate yanapenya, vijidudu vinarudi katika nyumba iliyofagiwa. Hata aliyemaliza asidhani yamekwisha: gego lililotibiwa mzizi ni rahisi kupasuka, na mara nyingi linahitaji kuvishwa kofia. Kutafunia mfupa wa mbuzi jino lisilo na kofia ni kumjaribu Bwana.

Mtalia bei, na ni kweli, kutibu mzizi ni ghali kuliko kung'oa. Asiye nacho simhukumu hata kidogo. Ila nawajua wanaochangia kamati tatu za harusi kwa mwezi na kushona sare ya kila sherehe, halafu wakiambiwa bei ya kuokoa jino wanasema, "Ng'oa tu, yapo mengine."

Kung'oa si dhambi. Jino lililovunjika hadi chini, au lililolegea kabisa, na liondoke. Wala halipofushi macho. Mzizi wa jino la juu haukushikana na jicho. Mnaogopa nini? Apolonia wa Aleksandria, mzee, Mwafrika mwenzetu, alivunjwa meno na kundi la watu mwaka 249 kwa ajili ya imani, na Kanisa likamfanya msimamizi wa wenye maumivu ya meno. Yeye hakupata ganzi. Wewe unayo. Kabla hujachomwa, sema kweli yote kama uko kitubioni: kisukari, presha, moyo, mimba, dawa za kuzuia damu kuganda. Usimfiche daktari.

Likishatoka, unapewa shashi. Ing'ate! Nusu saa nzima, bila kuitoa kila dakika kuichungulia. Shimoni damu inaganda, na bonge lile ndilo linalofunika mfupa, ndilo mwili unaloanzia kujenga nyama mpya. Liache! Usilichokonoe kwa ulimi. Usitemeteme mate. Usinywe soda kwa mrija. Sigara weka mbali, gongo weka mbali, chai iache ipoe. Na usisukutue siku ile! Tunavyopenda kusukutua! Mtu ameng'olewa asubuhi, saa nane mchana anayavurumisha maji ya chumvi mdomoni hadi bonge linatoka, na siku ya tatu analia kuliko alivyolia na jino lenyewe, maana mfupa umebaki wazi. Maji ya chumvi yana saa yake: baada ya saa 24, nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya vuguvugu, uyageuze polepole mdomoni. Meno mengine piga mswaki kama kawaida. Parasetamo meza kwa kipimo. Aspirini usiilaze juu ya fizi, inaunguza. Na mtoto aliyepigwa ganzi asipewe chakula mpaka imwishe, atautafuna mdomo wake mwenyewe.

Sasa nisikieni vizuri. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ulimi ukainuka, kumeza mate kukawa kazi, usingoje Jumatatu. Usingoje mkesha. Panda bodaboda uende hospitali, sisi tutakuombea ukiwa njiani. Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo. Huziba njia ya hewa na kuua, na mara nyingi huanzia kwenye gego bovu la chini.

Nawe uliyewekewa kizibo cha muda ukatoweka, nakuomba kwa jina la Bwana: Jumatatu asubuhi chukua kadi yako, urudi ukamalizie.