Mlima wa Moto na Mnara wa Siloamu

Masomo: Luka 13:1-5, 1 Wafalme 19:9-13



Wengi wetu hapa Kigali tumetoka chini ya Nyiragongo: Goma, Kibumba, Rutshuru. Tunaujua ule mwanga mwekundu juu ya mlima usiku. Na kila mara mlima ulipopasuka tulisikia mahubiri yale yale, kwamba Goma imeadhibiwa kama Sodoma. Wako waliokuja nayo mpaka huku, wakawaambia hata wazazi waliopoteza watoto. Neno hili linaumiza, na sisi hatukubaliani nalo.

Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki moja walikosa makao. Kanisa kuu la Wakatoliki nalo liliteketea. Kama moto ulikuwa unawachagua wenye dhambi, mbona haukuiacha nyumba ya sala? Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, ulitoka tena, ukala vijiji, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa. Wachunguzi wa volkano wa Goma walikuwa wamepungukiwa fedha za kuufuatilia mlima. Basi anayetafuta dhambi aanzie hapo, asianzie kwa marehemu.

Bwana Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza kama walikuwa waovu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Akasema sivyo. Kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawataka watubu wao. Eliya naye, pale Horebu, alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, lakini Mungu alisema naye baadaye, kwa sauti ya utulivu. Tuwe waangalifu na kila anayedai amesikia hukumu ndani ya lava.

Tena milima ya moto ndiyo iliyotulisha. Majivu na mawe yaliyosagika kwa miaka mingi ndiyo udongo mweusi wa Rutshuru, na wa Musanze upande huu, unaotoa viazi, maharage na pareto. Misitu ya Virunga inashika mvua na kuwatunza sokwe wa milimani. Baada ya 2002 watu wa Goma walivunja mawe yale yale yaliyowaunguzia nyumba, wakayajengea misingi. Hata chini ya Ziwa Kivu kuna gesi ya kaboni inayotoka katika ardhi ya volkano; vijidudu visivyoonekana kwa macho hugeuza sehemu yake kuwa methani, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi unaichoma kutoa umeme, kama megawati 26.

Lakini tusiyaseme haya msibani. Lava ya 2002 bado ni mwamba, haijawa shamba. Hasara ilimfika mama siku ile ile; faida huenda ikamfika kitukuu chake. Mwenye kufiwa apewe chakula na mtu wa kukaa naye, somo la udongo litasubiri.

Na gesi ile yenye kutoa methani ziwani, nchi kavu ndiyo tunayoiita mazuku. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Imeua mifugo na watu, na anayeinama kumwokoa mwenzake huanguka naye. Wenye jamaa waliobaki Mugunga na Bulengo, mkiwapigia simu wiki hii, waambieni watoto wasicheze bondeni alfajiri, wala wasimfuate mbuzi aliyeanguka shimoni.