Nani Atafunga Lango?

Andiko: Nehemia 13:15–22



Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na mpaka leo nina hisa chache za Marekani kwenye simu yangu. Sisemi hisa ni dhambi. Lakini ebu niwaambie ukweli.

Soko la Hisa la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kwao, hufungwa saa kumi jioni. Kwetu, miezi mingi ya mwaka, hapo ni saa tano usiku. Siku moja binti yangu alikuja tuombe alale. Nikamwambia, "Ngoja kidogo mami, soko lifungwe." Lilipofungwa, alikuwa amelala kwenye kochi na viatu. Mama yake hakuniambia kitu. Alimbeba tu.

Sasa sikieni. Oktoba 2024 soko hilo lilitangaza mpango wa kuuza hisa saa 22 kila siku ya kazi, kupitia tawi lake la Arca. Machi 2025 Nasdaq nayo ikasema inalenga saa 24. Kibiashara naelewa: mteja wa Tokyo yuko macho New York ikilala. Lakini nikajiuliza, mimi niliyengoja soko lifungwe ndipo niombe na mtoto, sasa nitangoja nini?

Nehemia aliwakuta watu wakiingiza mizigo Yerusalemu siku ya Sabato. Hakungoja wafanyabiashara wachoke. Giza lilipoanza kuingia kabla ya Sabato, aliamuru malango yafungwe, akaweka walinzi. Wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja au mbili. Akawaonya, wakaacha kuja siku hiyo. Tena angalia: hakuua biashara. Malango yangefunguliwa Sabato ikiisha.

Mpendwa, soko halitakufungia lango. Wala mkopo wa simu, wala kubeti, wala duka lako. Ufunguo Mungu amekupa wewe.

Siku hizi simu yangu inalala jikoni kuanzia saa mbili usiku. Wiki ya kwanza mkono uliitafuta sana. Kuna usiku bei zilishuka, nikajua asubuhi. Labda ningeokoa kitu. Lakini maombi tulikuwa tumeomba, na mtoto alilala akiwa amevua viatu.

Wiki hii chagua saa yako ya kufunga lango, na uwaambie watu wa nyumbani mwako, wakukumbushe. Bwana akusaidie. Amina.