Boti Uani kwa Mtu

Desemba huko Olenguruone bado unavaa sweta. Ukungu hukaa kwenye majani chai mpaka saa nne asubuhi, na mtu akikuambia huu ni msimu wa jua utamcheka. Ndiyo maana Desemba ya 2025 mimi na binamu zangu wanne tulichanga pesa, tukapanda matatu hadi Nakuru kupitia Molo, tukaunganisha Naivasha kwenda kuzurura ziwani. Tulitaka viboko, picha na samaki wa kukaanga. Basi.

Tulivipata vyote. Kapteni alitufunga zile jaketi za rangi ya machungwa, tukaondoka. Huko mbele akapiga mluzi, akarusha samaki majini, na tai akashuka kutoka mtini kumnyakua mita chache tu kutoka tulipokaa. Tulipiga mayowe kama watoto. Migunga mingi imekufa ikiwa imesimama ndani ya maji, imekuwa myeupe, imejaa mnandi wanaokausha mabawa. Inapendeza ajabu. Sikujiuliza mgunga unafanya nini katikati ya ziwa.

Kisha kapteni akauliza, “Mnataka kuona Kihoto?”

Kihoto ni mtaa wa makazi kando ya mji wa Naivasha. Ziwa liliuingia 2020, na mwishoni mwa 2025 likaurudia kwa nguvu, watu wakatolewa majumbani kwa boti. Tukasema twende. Akapunguza injini, tukapita kati ya nyumba polepole: madirisha yamezama nusu, mlango una namba ya chumba, kamba ya nguo bado ina vibanio vyake. Binamu yangu mmoja akapiga selfi. Mimi pia nikapiga. Na niseme ukweli, maana bila huo sina cha kuandika hapa: niliipenda ile picha. Mwanga ulikuwa umekaa vizuri ukutani. Niliiweka mtandaoni kabla hatujatoka pale.

“Hiyo ya bluu ni kwangu,” kapteni akasema, kama mtu anayeonyesha stendi ya matatu. “Hapa tulipo ni uani.”

Kimya. Binamu yangu akashusha simu. “Pole sana, bro. Hatukujua.”

“Pole ya nini? Pigeni tu. Mkikataa kuja, nitalipwa na nani?”

Mshairi mmoja wa Kirumi, Lucretius, aliandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba mtu aliye salama nchi kavu huona raha fulani akitazama wenzake wakihangaika baharini. Alifafanua kuwa raha hiyo haitokani na kufurahia mateso yao. Inatokana na kujua kwamba wewe hayakuhusu. Nimelifikiria hilo sana, kwa sababu Naivasha mambo yamegeuzwa. Sisi wa kwenye chombo ndio tulikuwa salama, na waliozama ni wa nchi kavu.

Jibu rahisi ni kwamba tusingeenda. Jibu hilo linakufanya ujione mtu mzuri, halafu linamwacha kapteni bila kazi. Yeye amepoteza nyumba tayari, sasa tumnyime na riziki ili dhamiri zetu zipumue? Sikubaliani nalo. Lakini pia sikubaliani na lile la “mradi tumelipa.” Tulilipia saa moja ya boti. Huzuni yake hatukuilipia, na sidhani inauzwa.

Tukiwa tunarudi, binamu mwingine akaninong'oneza, “Lakini si walijenga ziwani?” Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, bila kujua nakasirikia nani. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi. Malewa na Gilgil huleta maji, mvua ikizidi miaka mfululizo ziwa hupanuka, na ukame ukija hurudi nyuma. Mwaka 2009 lilikuwa limerudi nyuma sana. Aliyenunua kiplot wakati huo alinunua udongo mkavu. Na si Naivasha pekee. Ziwa Nakuru limemeza lango kuu la mbuga yake, Baringo limemeza shule na hoteli. Kusema “walijenga ziwani” ni njia ya kujiambia kwamba yaliyowapata hayawezi kukupata wewe, kwa kuwa wewe una akili. Ni raha ile ile ya Lucretius.

Kwa Kikuyu, neno kihooto maana yake ni haki, hoja iliyonyooka. Sikuwa nayo hata moja ya kumjibu binamu.

“Nyinyi ni wa wapi?” kapteni akauliza.

“Olenguruone.”

“Ah. Huko maji hayawezi kufika.”

“Hayafiki,” nikasema. “Sisi tuko juu.”

Nilisema hivyo kwa fahari kidogo. Nilipokuwa kwenye matatu usiku, tumepita Keringet, maneno hayo yakaanza kunikwaruza. Sisi tuko juu ya nini? Olenguruone ina historia ambayo kila mtu kwetu anaijua na hakuna anayeisimulia mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta hapo familia za Kikuyu zilizoondolewa kwenye ardhi ya Wamaasai. Zikalima, zikajenga, kisha zikakataa masharti ya serikali na kula kiapo cha kupinga. Kufikia 1950 zilikuwa zimefukuzwa zote, nyumba zimebomolewa, wengi wamepelekwa Yatta. Watu wengine wakaletwa baadaye. Halafu kukawa na 1992, na 2008. Kihoto maji yameacha paa na kuta, kila mpita njia anaona kwamba hapa palikuwa kwa mtu. Kwetu kumeota chai. Unaweza kupita miaka ishirini na mitatu usione kamba ya nguo hata moja.

Picha sijaifuta. Nilifikiria kuifuta, nikaona hapo nitakuwa nafuta aibu yangu tu, nyumba itabaki majini. Nilimtumia kapteni nakala aliyoniomba, ile ya nyumba ya bluu. Yeye hakuwa na picha yake.

Kesho yake nilimkuta kogo nyuma ya jikoni, chini ya mti wa peasi, ule mkubwa ambao tumeukwea tangu utotoni. Nikamuuliza nani aliupanda.

Aliendelea kuchambua mboga kwa muda.

“Tuliukuta,” akasema.