Hukumu ya Mtumishi wa Serikali Kudhihirisha Mali Yake

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Ajuaye yaliyo dhahiri na yaliyofichwa nyuma ya makufuli na chini ya majina ya watu wengine. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliye mwaminifu, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Katika mambo yaulizwayo sana na watu wa zama hizi ni masharti waliyowekewa wenye vyeo na watumishi wa Serikali, ya kwamba kila mmoja wao aandike mali aliyo nayo na madeni aliyo nayo, na wala asipokee zawadi kwa sababu ya kazi yake. Tanzania jambo hili limo katika Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, imtakayo kiongozi atoe tamko la mali yake katika muda wa siku 30 tangu kupewa cheo, kisha kila mwisho wa mwaka, kisha tena atokapo katika cheo hicho. Zanzibar ikatunga yake mwaka 2015. Kenya ilitunga sheria mwaka 2003 iliyowataka watumishi wa umma wote, wala si wakubwa peke yao, waandike mali zao na za wake au waume zao na za watoto wao walio chini ya miaka 18. Na Katiba ya mwaka 2010 ikaweka mlango mzima, ndio wa sita, katika habari ya uongozi na uadilifu.

Waislamu walio katika kazi hizo wamegawanyika. Wako wasemao kuwa haya ni kanuni za dunia zilizoletwa na watu wa kigeni, hivyo asiyezifuata hana dhambi mbele ya Mola wake. Wako wasemao kuwa ni kupeleleza mali za watu, na upelelezi umekatazwa katika Suratul-Hujurat. Na liko kundi la tatu, nalo ndilo baya kuliko yote, la wale wanaoyajaza makaratasi yote kwa hati nzuri, na yaliyomo ndani si kweli.

Kundi la kwanza na lifungue Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, litazame habari aliyoipokea Abu Humaid As-Saidi (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aitwaye Ibnul-Lutbiyya, kwenda kukusanya sadaka za Bani Sulaim. Aliporudi alihisabiwa, akatenga mafungu mawili, akasema kuwa hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda juu ya mimbari, akamhimidi Mwenyiezi Mungu, kisha akauliza mbele ya watu, kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko? Tena akaapa kuwa hapana atakayechukua chochote katika mali hiyo illa atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, akiwa ni ngamia analia, au ng'ombe analia, au mbuzi analia. Kisha akainua mikono yake hata weupe wa makwapa yake ukaonekana, akamshuhudisha Mola wake kuwa amefikisha.

Na izingatiwe hapa ya kuwa mtu huyu hakuiba. Hakuficha vile vile. Alisema mwenyewe kwa ulimi wake kuwa amepewa. Na juu ya hayo akakemewa, wala si chumbani bali juu ya mimbari, kwa kuwa zawadi ile ilimjia kwa njia ya cheo. Basi hali ya yule apewaye akanyamaza itakuwaje? Imam Bukhari ameifanyia hadithi hii mlango maalumu, wa Imamu kuwahisabu watumishi wake. Kwa hivyo asemaye kuwa hisabu ya watumishi ni jambo la kigeni, ugeni ni wa kwake yeye katika vitabu vya dini yake.

Muslim naye amepokea kwa Adiyy bin Amira Al-Kindi (R.A.) ya kuwa Mtume alibainisha kuwa mtu aliyetumiwa katika kazi akaficha sindano na zaidi yake, hiyo ni khiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Akasimama mtu mmoja katika Ansari, akataka kuirudisha kazi yake pale pale, kwa hofu. Mtume akamwuliza ana nini, naye akajibu kuwa amesikia maneno hayo. Mtume hakuyapunguza, aliyakariri, kuwa kila aliyepewa kazi na alete kidogo chake na kingi chake, kisha atakachopewa achukue, na atakachokatazwa akiache. Neno hili la kuleta kidogo na kingi ndilo lile lile liombwalo leo katika karatasi ya tamko.

Kisha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Imepokewa kuwa alikuwa akimpa mtu utawala wa nchi, huandika mali yake kabla hajaondoka. Akirudi na ziada isiyojulikana asili yake, huigawa ziada hiyo, nusu ikaingia katika Baitul-Mali. Alimtuma Muhammad bin Maslama mpaka Misri kwa Amr bin Al-As, aliyekuwa ndiye aliyeifungua nchi hiyo, akamgawia mali yake. Na Abu Huraira alipotoka Bahrain na mali, Umar alimwuliza kwa maneno makali. Akajibu kuwa ni farasi waliozaa, na pato la mtumwa wake, na atia zilizofuatana. Ikatazamwa, ikaonekana ni kama alivyosema. Baadaye Umar alipotaka kumpa kazi tena, Abu Huraira alikataa.

Wengine huisoma habari hii wakadhani kuwa Umar aliwatuhumu sahaba wizi. Sivyo. Wanavyuoni wameeleza kuwa hao walikuwa watu wa fadhila na dini, lakini mwenye cheo hupunguziwa bei sokoni asiyoiomba, na hupendelewa katika biashara na watu wanaomtazamia kesho. Mali yake hukua na yeye hajui imekua kwa mkono wake au kwa kiti chake. Na kama Abu Huraira, aliyehifadhi hadithi za Mtume kwa maelfu, aliulizwa akajibu, karani wa leo anayenung'unika kwa kuulizwa kiwanja chake cha pili anajiona yu bora kwa lipi?

Ama hoja ya upelelezi, jawabu lake li wazi. Upelelezi uliokatazwa ni kuingilia sitara ya mtu asiyekuwa na amana yako mkononi mwake. Mtumishi amekabidhiwa mali ya watu kwa hiari yake mwenyewe. Angetaka sitara kamili angebaki na duka lake au shamba lake. Tena habari yenyewe hutoka mkononi mwake, wala haendewi nyumbani usiku. Na kule Tanzania madaftari hukaa kwa Sekretarieti ya Maadili, hayabandikwi sokoni. Aogopaye jicho la hasidi na asome Qul-Audhu, kisha aandike.

Yuko pia asemaye kuwa moyo wake ni safi, basi aandike nini? Huyu hana usafi kupita Mtume. Alitoka usiku katika itikafu kumsindikiza mkewe Safiyya bint Huyayy, wakapita watu wawili wa Ansari wakaongeza mwendo. Akawaita wapunguze, akawaambia kuwa huyu ni Safiyya. Wakastaajabu, kwani hawakumdhania kitu. Akawajulisha kuwa shetani hupita ndani ya mwanaadamu kama ipitavyo damu, naye alichelea asiwatie neno katika nyoyo zao. Imam Nawawi ametoa katika hadithi hii kuwa yapendekezwa mtu ajiepushe na kinachowaingiza watu katika dhana mbaya. Na dhana ya raia amwonapo mtumishi wa mshahara mdogo akijenga ghorofa, hiyo si dhana iliyotafutwa mbali.

Ikiwa atauliza mtu: Serikali yenyewe si ya Kiislamu, je, masharti yake yamlazimu Muislamu? Ataambiwa kuwa kazi ni mkataba, na Suratul-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, wala haikusemwa mikataba ya Waislamu peke yao. Aliyetia saini ya kuajiriwa ameyakubali masharti, maadamu hayamwamrishi maasi. Na kuandika mali yako si maasi. Nabii Yusuf (A.S.) alishika hazina ya mfalme wa Misri ambaye hakuwa katika dini yake, na sifa aliyojitaja nayo ni kuwa mlinzi, mjuzi. Hakusema kuwa mali ya watu hawa haina hisabu. Na mali iliyomo katika hazina za nchi hizi ni kodi ya wauza samaki na wakulima wa karafuu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Atakayeiiba atagombwa na wote hao mbele ya Mwenyiezi Mungu, na hapana kosa gumu kuombewa radhi kama la mtu aliyewadhulumu mamilioni asiowajua majina.

Katika zawadi madhehebu ya Imam Shafi yamepambanua vizuri. Asema Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika darsa za pwani, katika mlango wa kadhi: akipewa zawadi na mwenye kesi kwake, au na mtu ambaye hakuwa akimpa kabla ya cheo, ni haramu kuipokea. Akiwa ni mtu aliyezoea kumpa tangu zamani, wala hana kesi, yafaa kwa kadiri ya ada, na lililo bora ni kulipa mfano wake. Mizani hii kila mtumishi aweza kuishika mkononi: mjomba aliyekuwa akileta kikapu cha maembe kila msimu tangu kale na aendelee, ama mfanya biashara aliyekujua juzi, baada ya kukaa mezani, mrudishie. Taqiyyud-Din As-Subki, aliyekuwa kadhi mkuu wa Damascus, ameandika risala mahsusi juu ya zawadi za watumishi, jambo lionyeshalo kuwa ugonjwa huu si wa jana. Na Umar bin Abdil-Aziz alikataa zawadi akiwa Khalifa; alipokumbushwa kuwa Mtume alipokea, alijibu kuwa kwa Mtume ilikuwa zawadi, na kwa watumishi wa leo ni rushwa.

Sasa lile kundi la tatu. Chukua mfano wa Zaidi, aliye karani katika ofisi ya ardhi. Amejenga nyumba kwa mali asiyoweza kuieleza, hati akaiandika kwa jina la mama mkwe wake, na tamko lake akalitia saini kuwa hana illa nyumba anayokaa. Akiulizwa husema kuwa amempa hiba. Haya, na ipimwe hiba hiyo. Katika madhehebu ya Shafi hiba haitimii kumilikiwa mpaka apokee aliyepewa, kwa idhini ya mpaji. Na Zaidi ndiye anayekusanya kodi, ndiye mwenye funguo, na mama mkwe huenda hata mlango wake haujui. Basi hiba haikutimia, tamko lake ni uwongo, na aliyempatia mama yule saini amemtia mtu mzima katika shahada ya zuri. Na akiwa kweli amemkabidhi, basi nyumba ni ya bibi yule. Zaidi hana haki ya kuirudisha wala kuchukua kodi yake hata senti, na bibi akifa warithi wake wataigawa, na watoto wa Zaidi watatazama. Achague apendalo. Mara nyingi haya hayajulikani mpaka siku ya tanga, ndugu wamekaa mkekani na hati imetolewa sandukuni, na udugu wa miaka 40 ukavunjika kabla ya hitima.

Ama mali ya mke iliyo yake kweli, ya mahari au ya urithi au ya biashara, kuitaja katika karatasi ya mume hakuifanyi kuwa ya mume. Mke Muislamu humiliki peke yake. Ni kutoa habari tu, na mke asaidie kuitoa.

Liko na neno jingine, chungu kidogo. Watumishi wengi hudhani kuwa mali hiyo husafika kwa kujengea msikiti au kuendea Hija. Nawawi amesema katika Majmu kuwa aliyehiji kwa mali ya haramu Hija yake yasihi, lakini ana dhambi. Yaani fardhi imemtoka na mzigo haukumtoka. Na wenye madrasa na maimamu wanaompokea mtu huyo kwa dua ndefu na kiti cha mbele, wakijua mali yake imetoka wapi, wanamsaidia kuzama. Tena wao wenyewe na wajihisabu: ni misikiti mingapi yenye daftari la wakfu liwezalo kufunguliwa mbele ya maamuma siku ya Ijumaa?

Atakayeuliza: aliyekwisha kutia saini uwongo afanye nini? Kwanza alirekebishe tamko lake kwa haraka, hata kama litamletea fedheha. Ikiwa aliapa kwa jina la Mwenyiezi Mungu naye yuajua kuwa asema uwongo, hiyo ni yamini ghamus, na kwa Shafi ina kafara pamoja na toba: kulisha maskini 10, kila mmoja mudi moja ya chakula, au kuwavisha; asiyeweza afunge siku tatu. Kama hakuapa bali aliandika tu, hana kafara, ana toba. Kisha mali: iliyotoka katika hazina irudi katika hazina, na iliyotoka kwa mtu anayejulikana irudi kwa mtu huyo, au kwa warithi wake. Asiyejulikana tena wala kutazamiwa, Imam Ghazali ameeleza kuwa itumiwe katika masilahi ya watu wote, au wapewe mafakiri, bila ya kutaraji thawabu ya sadaka, kwani hakutoa mali yake. Na pato lililopatikana kwa mali hiyo, kama kodi ya nyumba iliyonunuliwa nayo, lina maelezo marefu, na yampasa mwenye jambo amwendee mwanachuoni na daftari lake mkononi, aliye na nyumba ngapi na tangu lini, asiende na swali la jumla.

Wallahu aalam.