Kuhesabu Pamoja si Kuhesabiana



Miaka yote niliyofundisha katika chuo cha ualimu niliwaambia vijana wangu kwamba maswali magumu ya maadili hayaji na kengele. Huja kimya kimya, yamejificha ndani ya mambo madogo ya nyumbani: nauli atalipa nani, chakula tununue au tubebe, na kiasi gani kinatosha. Leo napenda kuwaeleza swali moja la namna hiyo, lililonikuta mimi na mdogo wangu wa kike tulipokuwa tukipanga safari ya furaha. Swali lenyewe ni hili: Je, ndugu wapendanao yawapasa kushika daftari la fedha kati yao, au upendo hauna haja ya daftari?

Mwaka jana wanangu walinichangia nauli ya kwenda Marekani kumwona mdogo wangu huyo, ambaye tulikuwa hatujaonana kwa miaka 19. Anaishi Atlanta, katika jimbo la Georgia. Kazi yake ni kuwatunza wazee, na anawalea wajukuu wake wawili. Miezi kadhaa kabla ya safari alinipigia simu akasema, "Kaka, ukija tutawapeleka watoto Disney. Usiniletee ubishi."

Kwa wale wasiopafahamu mahali hapo, Walt Disney World ni viwanja vya burudani vilivyo karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida, yapata kilometa 700 kutoka Atlanta kwa barabara. Viwanja vikubwa ni vinne, kila kimoja na lango lake na tiketi yake, na mtu aweza kukesha siku nzima katika kimoja asikimalize. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kupanga: siku tano, viwanja vyote vinne, na kulala katika hoteli ya humo humo ndani. Mimi nilijibu, "Vema, mdogo wangu," nikakata simu nikiwa na furaha na aibu pamoja.

Aibu hiyo ndiyo iliyonikosesha. Niliona haya kwenda kula jasho la mdogo wangu mikono mitupu. Sisi wawili tuna shamba la michungwa aliloliacha marehemu baba yetu huku Muheza. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mavuno ya mwaka ule yatanunua mabati ya kuezekea upya nyumba ya wazee, ambayo ilikuwa inavuja. Mimi, bila kumwambia mtu, nikamwita mchuuzi nikamwuzia machungwa yakiwa bado mtini, mabichi. Kila mkulima wa Muheza anajua bei ya machungwa ya mtini. Nilipokea fedha kidogo, nikazifunga katika bahasha, nikajisifu moyoni kwamba mimi ni kaka mwema.

Jumapili moja nilipiga simu, akapokea mjukuu mkubwa, msichana. Nikamwuliza bibi yake yuko wapi. Akasema, "Bibi amelala. Siku hizi anafanya kazi na usiku." Jioni mdogo wangu aliponipigia, nilimwuliza kwa upole lakini sikumwachia nafasi ya kukwepa. Akakiri. Alikuwa ameongeza zamu za usiku, na hoteli alikuwa ameiweka kwenye kadi ya mkopo, deni ambalo riba yake ingemfuata muda mrefu baada ya mimi kurudi nyumbani. Nikaanza kumkemea. Naye akaniuliza, "Na wewe, Kaka, ulisema utachangia. Fedha umezitoa wapi?" Nikanyamaza. Kisha nikamwambia. Alilia. Hakulia kwa ajili ya machungwa tu. Alisema, "Shamba ni letu sote. Umeuza kwa ajili yangu kitu ambacho ni changu, na hukuniuliza."

Ndugu zangu, maneno hayo nimeyatafakari sana. Tulikuwa watu wawili tunaopendana, na kila mmoja alikuwa akimwumiza mwenzake kwa siri ili amfurahishe. Tulidhani tunatoa sadaka. Lakini mtu akitoa sadaka kwa siri juu ya jambo linalowahusu wawili, amemnyima mwenzake haki ya kusema, "Inatosha, sitaki uumie." Mdogo wangu angalijua habari ya machungwa, angalinizuia. Mimi ningalijua habari ya zamu za usiku, ningalimzuia. Siri zetu zilituondolea nafasi ya kupendana sawasawa.

Yako mawazo yaliyozoeleka sana kwetu, kwamba ndugu hawahesabiani. Ni mawazo mema, nami nimelelewa nayo. Maana yake ni kwamba usimwandikie ndugu yako orodha ya wema uliomtendea, uje umsomee siku mtakapokosana. Lakini wengi wetu tumeyanyoosha mawazo hayo mpaka yakawa kwamba ndugu wasizungumze habari ya fedha kabisa. Hapo tumepotea. Kuhesabiana ni kukaa pande mbili za meza, kila mmoja akilinda chake. Kuhesabu pamoja ni kukaa upande mmoja wa meza, daftari likiwa mbele yenu wote wawili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nathubutu kuongeza kwamba hata undugu waweza kupotea kwa njia hiyo hiyo.

Katika siku zile nilikumbuka kwamba viwanja vyenyewe tulivyokuwa tukivipangia safari vilijengwa na ndugu wawili. Watu wengi wamesikia jina la Walt Disney. Wachache wanamjua kaka yake, Roy, aliyemzidi miaka 8. Walianzisha kampuni yao mwaka 1923. Walt alikuwa mtu wa ndoto, na Roy alikuwa mtu wa daftari. Walt alipotaka kujenga kiwanja cha kwanza, kule Anaheim katika California, Roy aliingiwa na wasiwasi kwa ajili ya gharama. Hata hivyo ni Roy huyo huyo aliyekwenda New York mwaka 1953 kutafuta fedha, na kiwanja kikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Waliwahi pia kukosana vikali juu ya mambo ya kampuni, kisha wakapatana. Walt alifariki tarehe 15 Desemba 1966, ujenzi wa Florida ukiwa haujaanza. Roy, mwenye umri wa miaka 73, aliahirisha kustaafu kwake ili aikamilishe kazi ya mdogo wake. Mahali pale palipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, Roy alitaka paitwe kwa jina la Walt, ili watu wajue ndoto ilikuwa ya nani. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo yeye naye alifariki.

Sisemi kwamba ndugu hao walikuwa watakatifu. Nasema tu kwamba mtu anayeuliza gharama si adui wa furaha. Kama Roy asingalikuwepo wa kuhesabu, pengine ndoto ya Walt ingalibaki kwenye karatasi. Nasi twaujua mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza kuketi na kupima kama anazo fedha za kuumaliza.

Basi, mimi na mdogo wangu tuliketi, yeye Atlanta na mimi Muheza, kila mmoja na daftari lake, tukaanza upya. Yeye alitaja mshahara wake wa kweli. Mimi nilitaja pensheni yangu ya kweli. Niwaambieni, ilikuwa vigumu kuliko kuungama. Tulifuta hoteli ile kabla haijatozwa. Zamu za usiku zikaachwa. Fedha za machungwa zikarudi kwenye mabati, isipokuwa sehemu ndogo tuliyokubaliana wote wawili kwamba itanunua petroli. Siku tano zikawa siku moja, na viwanja vinne vikawa kimoja. Kwa kuwa bei ya tiketi hubadilika kwa tarehe, tulichagua siku ya bei nafuu katika wiki ya mapumziko ya shule, mwishoni mwa Septemba. Tukaamua kulala nje ya viwanja, mahali pa kawaida, na kubeba chakula chetu, maana jambo hilo linaruhusiwa pale, na maji ya kunywa mtu akiomba kikombe kwenye vibanda vya chakula hupewa bure.

Liliingia pia swali la mchango wa haki. Je, tugawane nusu kwa nusu? Nusu kwa nusu inaonekana ni haki mpaka uweke dola na shilingi katika mizani moja. Tulikubaliana kila mmoja atoe kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini tulikubaliana na jambo la pili, ambalo naona ni kubwa zaidi: aliyetoa kidogo atakuwa na sauti sawa na aliyetoa kingi. Nimeona familia nyingi ambamo mwenye fedha hulipa, kisha huamua peke yake, na wengine hufuata kama mizigo. Hapo fedha imenunua ukimya wa ndugu.

Jaribu la mwisho lilikuja kwa mlango mdogo. Mtoto asiyetimiza miaka 3 haingii kwa malipo, na mjukuu wetu mdogo alikuwa hajatimiza. Lakini kuanzia miaka 10 mtoto hulipiwa kama mtu mzima, na yule msichana alikuwa ametimiza 10 wiki tatu tu zilizopita. Rafiki mmoja wa mdogo wangu alimshauri, "Semeni ana 9, nani atajua?" Nikiri kwamba sote wawili tulinyamaza kidogo kwenye simu, tukipiga hesabu. Kisha mdogo wangu akasema, "Yeye mwenyewe atajua." Tukalipa bei ya mtu mzima. Baada ya yote tuliyokwisha kufichana, hatukuweza kumfundisha mtoto kwamba safari ya furaha huanza kwa uongo langoni.

Wako watakaouliza, "Mwalimu, kwa nini msiache kabisa anasa hiyo, mkaezeka nyumba mbili?" Ni swali la haki, na silipuuzi. Kama nyumba ya wazee ingalibaki inavuja kwa ajili ya mchezo, nami ningalisema tuache. Lakini watoto wale walikuwa hawajawahi kumwona ndugu yeyote wa bibi yao. Siku moja ya kucheka pamoja naye, isiyomwachia mtu deni, siioni kuwa upotevu. Ninachokataa ni furaha ya leo inayolipwa na usingizi wa mwenzako kesho.

Kiwanja tulichokichagua kinaitwa Animal Kingdom, kilichofunguliwa mwaka 1998. Mdogo wangu ndiye aliyekitaka, kwa sababu ndani yake wamejenga mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki. Nilimtania kwamba nimevuka bahari ili nikaone pwani ya kuigiza. Kuta wamezijenga kwa makusudi zionekane zimechakaa, na mabango yameandikwa Kiswahili. Kutoka hapo watu hupanda gari la wazi, wakatembezwa kuwaona twiga, tembo na simba walio hai. Tulikula chapati zetu kivulini, na kwa mara ya kwanza bibi na babu ndio waliojua kusoma kila kitu, na watoto ndio waliouliza.

Jina la mji ule ni Harambe. Ni lile neno "harambee" ambalo Wakenya walilifanya wito wa taifa mwaka 1963, ila kule limeandikwa kwa "e" moja mwishoni. Msichana aliniuliza maana yake. Nikamwambia ni neno la watu wanaovuta kitu kizito pamoja. Akauliza, "Kama mmoja amechoka?" Nikamjibu kwamba lazima aseme, maana asiposema wenzake hawatajua, wataendelea kuvuta mpaka aanguke. Mdogo wangu aliniangalia, akacheka, akanipa kipande cha mwisho cha chapati.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mnapopanga arusi, mazishi, karo au safari na ndugu zenu, nawasihi mketi na daftari. Semeni mlicho nacho na msicho nacho. Ulizeni kabla ya kuuza, na ulizeni kabla ya kukopa. Mabati ya nyumba ya baba yamekwisha kupigwa. Mvua za masika zilizopita hazikutuingilia.

Ndimi,
Mwalimu Mstaafu, Muheza