Je, Mikoko Ni Mali Yetu?

Tulimwuliza kijana mmoja wa skuli faida ya mikoko ni nini. Akajibu kwa ufasaha: mizizi yake huzuia udongo usichukuliwe na maji, nayo ni makazi ya samaki wachanga na kamba. Tukamwuliza tena, mbona yeye na wenziwe hutupa chupa za plastiki papo hapo mikokoni? Akacheka, akasema, "Hayo ya mizizi ni ya mtihani, sheikh."

Wako watakaosema kuwa basi elimu ya skuli haina faida. Sisi hatusemi hivyo. Kosa si la elimu. Kosa ni kuitenga elimu na wajibu.

Sote twalijua sharti la wakfu: aliyewakifiwa shamba hula matunda, wala hana ruhusa ya kuuza shamba lenyewe, kwani watakaozaliwa baadaye wana haki ile ile. Mikoko nayo ni amana kwa mfano huo. Lakini msimamizi asiyejua lipi ni tunda na lipi ni shina ataifisidi amana, hata akiwa mcha Mungu. Hapo ndipo ihitajiwapo sayansi, ituambie mti hukua kwa muda gani, na boriti ngapi zaweza kukatwa pasi na msitu kupungua. Tazameni Gazi: wanakijiji hulipwa kwa hewa ya ukaa ihifadhiwayo na mikoko waitunzayo, na fedha hizo zimesaidia maji na skuli. Wamekula tunda, na shina lingaliko.

Ama lawama, tusiwatwike vijana peke yao. Ni nani aliyewaonyesha kuwa amana huliwa? Wametuona tukinyamaza ardhi za wakfu zikigeuzwa mali za watu. Kijana hujifunza kwa jicho kabla ya sikio.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wa skuli wawatoe watoto darasani, wakatie miguu topeni. Na sisi wa vyuoni tuwafundishe aliyotufundisha Mtume (S.A.W.), kuwa apandaye mti akala ndege au mtu huandikiwa sadaka. Skuli ikimjulisha kijana tunda ni lipi, na chuo kikamjulisha shina ni la nani, hatasema tena kuwa hayo ni ya mtihani. Au tuseme, ataujua mtihani ulio mkubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.