Akiba Isiyokuwa Akiba

Chuo kimoja cha mkoani kilikuwa na kebo ya faiba ya nyuzi 24 kutoka jengo la utawala hadi maktaba. Aliyeilaza alifanya kazi safi. Nyuzi zilifuata mpangilio wa rangi ambao mafundi wengi wanaujua kwa moyo: bluu, chungwa, kijani, kahawia, na kuendelea hadi ya 12, kisha mrija wa pili ukaanza upya. Kila tundu la paneli lilibandikwa lebo iliyochapwa kwa mashine. La 5 na la 6: MAKTABA. La 9 na la 10: AKIBA.

Usiku mmoja wa masika, maji yaliingia kwenye chemba, nyuzi mbili zikavunjika kwenye viungio na maktaba ikakosa mtandao. Fundi wa chuo, mtu hodari kwelikweli, hakutaka kuhangaika na tope. Alichomoa pachi kodi pande zote mbili, akazihamishia tundu la 9 na la 10, na kabla ya alfajiri mambo yakawa sawa. Alisifiwa sana. Lebo alikusudia kuzibadili kesho yake, lakini kesho hiyo ilikuja na shughuli zake. Baadaye akahamishiwa kituo kingine, akaondoka na habari ile kichwani.

Mwaka uliofuata alikuja mkandarasi wa kuunganisha bweni jipya. Akakuta kodi zimechomekwa kwenye matundu ya akiba, akamuuliza msimamizi wa mtandao.

"Kaka, hizi naweza kuzitumia?"

"Si zimeandikwa akiba, mdogo wangu? Tumia."

Akachomoa, akachomeka za kwake, akafunga kabati, akaenda zake bwenini.

Ni rahisi kumlaumu mkandarasi, na kweli alipaswa kupima kwanza. Lakini tundu lisilo na lebo lingemlazimisha kupima. Lebo ya uongo ilimwondolea shaka. Macho nayo hayamsaidii fundi wa faiba. Mwanga wa nanomita 1310 au 1550 hauonekani, na kuchungulia ncha ya uzi ulio hai kunaweza kuliumiza jicho. Kuna kifaa cha kubana kinachoukunja uzi kidogo na kusoma mwanga unaovuja, bila kukata mawasiliano. Siku ile hakikutoka mkobani.

Maktaba ikazimika, pamoja na dirisha la ada lililokuwa jengo lilelile, tena wiki ya usajili. Msimamizi akafungua mchoro: maktaba, tundu la 5 na la 6. Akayakuta matupu. Kumbe kuna mtu kachomoa! Akachomeka kodi. Hakuna kitu.

Kikaletwa kipimo cha OTDR, ambacho hutuma mapigo ya mwanga na kuhesabu muda wa mwangwi wake kurudi. Kikaonyesha uzi umekatika kwenye mita 410. Watu wakatoka na mkanda na majembe. Hawakukumbuka kwamba hizo ni mita za uzi, zikiwemo zile zilizozungushwa na kuachwa ndani ya chemba, wala si mita za ardhini. Wakachimba pasipohusika mpaka mchana. Chemba yenyewe ilipopatikana, nyuzi ziliungwa upya kwa ustadi na kipimo kikasoma vizuri. Maktaba ikabaki vilevile, maana walikuwa wametengeneza nyuzi ambazo hakuna aliyezitumia tangu masika.

Siku ya pili kijana wa mafunzo kwa vitendo alishika kodi kwenye swichi ya maktaba, akaifuata kwa vidole mpaka inapoingia. Tundu la 9 na la 10. Kazi ikaisha hapo.

Kiwango cha Marekani cha TIA-606 kinaeleza kwa kirefu namna ya kuandika kebo na kutunza kumbukumbu zake, nami namshauri kila fundi akisome. Ila chuo kile hakikuanguka kwa kukosa kiwango. Kilianguka kwa sababu matengenezo ya dharura yalihesabiwa kuwa yamekwisha pale taa ya swichi ilipowaka. Usiku huna mashine ya lebo? Bandika kipande cha utepe ncha zote mbili, andika uzi unakokwenda na tarehe, na asubuhi ukarekebishe daftari kabla ya chai. Utepe utabanduka kwa joto, lakini utakuwa umekupa muda wa kuchapa lebo ya kudumu.

Na kama unasimamia kabati la namna hii, usingoje dharura: pima wiki hii kila uzi ulioandikwa AKIBA, uone kama kweli hauna mwanga.